Kalsiamu gani tununue?

Maneno ya timu ya tereni kwa mkutano wa wanachama, Katuba. Tumeyaandika karibu jinsi yalivyosemwa, na tumeongeza mahesabu ambayo siku ile yalibaki ubaoni.

 

Mkutano uliopita mlituachia swali moja. Katika kasa ya msaada kuko dola 300. Komite inataka kuzinunulia kalsiamu, iwagawie wanachama 40 waliopita miaka 50. Muuzaji mmoja amefika hapa mara mbili na makopo yake mazuri, yenye picha ya mzee anayekimbia kama kijana, na amesema bila makopo hayo mifupa ya bazee itavunjika kama kuni kavu. Mlituuliza: "Kalsiamu gani iko ya muzuri?" Tuliomba mwezi mmoja. Tumeuliza waganga, tumekaa na watu wa farmasi, tumesoma. Na katika kutafuta tumekuta kosa letu sisi wenyewe. Tutalisema, msiwe na haraka.

Wote mnajua swali lilitokea wapi. Mama yetu, yule tuliyemzoea kwenye soko la Kenya na makala yake, aliteleza kwenye pompe ya maji akavunjika mfupa wa paja, pale juu karibu na nyonga. Ni mama aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Kala, kule Kawambwa, Zambia, na aliyezaa mara nane, watoto watatu kati yao kule kambini. Tulipoenda kumwona, jirani mmoja alisema, "Mifupa yake ilikauka. Ilikosa kalsiamu." Na kila mtu mlangoni akatikisa kichwa, ndiyo.

Jirani hakusema uongo. Mfupa ni kama ghala: kalsiamu inaingia, kalsiamu inatoka. Karibu kalsiamu yote ya mwili, 99 kwa mia, iko ndani ya mifupa na meno. Ile kidogo inayobaki inazunguka katika damu, na moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila hiyo. Basi chakula kikikosa kalsiamu, mwili unaenda kuikopa kwenye mfupa. Mimba inakopa, kunyonyesha kunakopa. Na mwanamke akiacha kuona siku zake, mfupa unapoteza haraka zaidi kwa miaka kadhaa. Sasa fikirini rasio ya kambini: unga wa mahindi, maharagi, mafuta, chumvi. Unga mweupe wa mahindi karibu hauna kalsiamu kabisa. Maharagi yana kidogo. Aliyekula hivyo miaka mingi amekopa sana kwenye ghala lake. Na tukirudi huku, wengi wetu tunakula nini? Bukari asubuhi ya shida, bukari magaribi, na sombe kama franga zinatosha.

Kwa hiyo swali lenu ni la haki. Lakini tuligundua kwamba ndani yake kuko maswali matatu: kalsiamu gani, kwa nani, na je, kopo ndilo lingemzuia mama yetu asivunjike?

Tuanze na kopo, kwa sababu pale ndipo franga zinapotea.

Mkishika boksi ya kalsiamu, msisome namba kubwa ya mbele. Geuzeni, tafuteni maandiko madogo. Kalsiamu haiuzwi peke yake. Inauzwa imefungwa na kitu kingine. Ikifungwa na kabonati, katika kila gramu 100 za dawa, kalsiamu yenyewe ni gramu 40. Ikifungwa na sitrati, ni 21. Na laktati, ni 13. Na glukonati, ni 9 tu. Kwa hiyo kinini kimoja kilichoandikwa "kabonati ya kalsiamu 1,250" kina miligramu 500 za kalsiamu yenyewe. Lakini kinini kilichoandikwa "glukonati ya kalsiamu 500" kina kama 45 tu! Mtu anameza kimoja kwa siku, anafurahi, kumbe amepata chini ya kile kilichoko katika kikombe kidogo cha maziwa. Ili afikie 500 angemeza vinini 11. Kwenye karatasi za Kifaransa tafuteni maneno calcium élément. Namba inayofuata maneno hayo ndiyo ya kweli. Kama hayapo, muulize mtu wa farmasi. Naye akishindwa, nenda farmasi nyingine.

Jambo la pili la kusoma: namba ile ni ya vinini vingapi? Kopo la yule muuzaji limeandikwa 600, lakini chini, kwa herufi za chungu, wanasema ni kwa vinini viwili.

Siku ile tulifanya hesabu ubaoni, na mutunza feza wetu alisimama akashika chaki mwenyewe. Bei hizi ni za mfano tu, ninyi mtaweka zenu. Tuseme boksi ya kabonati ina vinini 30 vya kalsiamu 500, kwa dola 4. Jumla ni miligramu 15,000, ni kusema kila dola inakupa 3,750. Tuseme boksi ya glukonati ina vinini 100 vya 45, kwa dola 3. Jumla 4,500, kila dola inakupa 1,500. Ile iliyoonekana rahisi iko ghali mara mbili na nusu. Na kopo la picha ya mzee: vinini 60 vya 300, kwa dola 35. Jumla 18,000, kila dola inakupa kama 514. Hapo watu walicheka, lakini bamama wawili hawakucheka kwa sababu walikuwa wamekwisha kulipa.

Basi kwa watu wengi, kabonati ya kawaida inatosha. Inataka asidi ya tumbo ili iyeyuke, kwa hiyo imezwe pamoja na chakula, katikati ya bukari, si kwenye tumbo tupu. Na si zaidi ya 500 au 600 kwa mara moja, kwa sababu mwili haupokei vizuri mzigo mkubwa wa pamoja. Mwenye kuhitaji 1,000 agawe mara mbili. Wengine kabonati inawafungia choo au kuwajaza gesi; wanywe maji, wapunguze, au waende kwenye sitrati. Sitrati inamezwa wakati wowote, hata bila chakula, na inafaa mzee ambaye tumbo lake halina asidi ya kutosha au anayekunywa dawa ya kidonda cha tumbo kama omeprazole kila siku. Bei yake iko juu. Zile za kuyeyusha katika maji, zinazotoa povu, watoto wanazipenda, lakini nyingi zina chumvi ya sodiamu nyingi. Mwenye tansio aziache. Aliyewahi kupata mawe ya figo asianze kalsiamu ya kopo bila kumwona munganga.

Sasa shindano.

Tumesikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma: "Ile ya kinini inakawia. Ile ya shindano inaingia mbio mu mwili, unasikia hata moto." Ni kweli unasikia moto. Ampuli ya glukonati ya kalsiamu ya mililita 10 unayouziwa kwa kukuondolea uchovu ina kalsiamu kama miligramu 90. Bilauri moja ya maziwa ina 240. Umelipa shindano, umelipa mtu wa kukuchoma, umepata chini ya nusu bilauri ya maziwa. Na dawa hiyo ikisukumwa haraka katika mshipa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hata kuyasimamisha. Ikitoka nje ya mshipa inaweza kuoza nyama ya mkono. Lopitalini ina kazi zake, kwa mfano mtu ambaye kalsiamu ya damu imeanguka ghafula, au mama aliyepewa magnesiamu nyingi kwa ajili ya kifafa cha mimba. Hizo ni kazi za munganga mbele ya mgonjwa wake. Kwa mifupa ya nyumbani, hapana. Tunaomba chama kisilipe tena hata shindano moja la kalsiamu kwa kasa ya msaada. Mwaka jana tulilipa.

Kisha kuko zile zinazoitwa "za asili": unga wa mifupa ya wanyama, unga wa ganda la chaza, dolomiti. Watu wanaamini kitu cha asili hakiwezi kudhuru. Lakini mfupa haujui kutofautisha vizuri kalsiamu na risasi, ile metali ya betri. Risasi ikiingia mwilini inakaa ndani ya mfupa miaka makumi, na kalsiamu inapokopwa, wakati wa mimba au uzeeni, risasi inatoka pamoja nayo na kurudi katika damu. Ng'ombe naye ana mifupa kama yetu. Ndiyo maana katika nchi nyingine makopo ya unga wa mifupa na ya dolomiti yalipopimwa, mengine yalikutwa na risasi.

Hapa Lubumbashi jambo hili si la mbali. Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu chetu, UNILU, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga, na wale wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi sana, tena na kadmiamu, risasi na uraniamu. Kadmiamu inaharibu figo, na figo zikiharibika mifupa inalainika. Wajapani waliiona kule Toyama, ambako watu walikula mpunga uliomwagiliwa maji ya mgodi, na ugonjwa wakauita kwa kilio cha wagonjwa wenyewe, itai-itai, inauma, inauma. Sisi tumekwisha kuwa na mzigo wa kutosha. Hatuna sababu ya kununua mwingine ndani ya kopo.

Na pemba. Bamama, msitukasirikie. Tunajua pemba inatuliza kichefuchefu cha mimba, na tunajua wengine wanaikula wakisema, "Ni nyeupe, iko na kalsiamu." Udongo mweupe wa namna ile si kalsiamu. Ni udongo. Unaweza kushika madini ya chuma ya chakula yasiingie mwilini, na udongo wa kula unaouzwa katika masoko ya Afrika umekutwa mara nyingi na risasi. Waingereza wamewaonya wanawake wajawazito wasile hata ule unaopelekwa kwao toka Afrika ya magharibi. Mtoto aliye tumboni hana pa kukimbilia. Chokaa ya kujengea nyumba nayo hapana, hata kama mmesikia kwamba Wamexico wanaloweka mahindi katika chokaa na mkate wao unapata kalsiamu. Ni kweli wanafanya, lakini kwa chokaa safi ya chakula, tena wanaosha.

Mzee mmoja aliuliza ganda la yai. Hilo ni swali zuri kuliko alivyofikiri, kwa sababu ganda la yai ni kabonati ya kalsiamu, ile ile ya farmasi. Ukilichemsha dakika kumi kwa kuua vijidudu, ukalikausha, ukalisaga mpaka liwe laini kama unga wa kujipaka, ganda moja lina kalsiamu ya karibu siku nne kwa 500 kila siku. Lisiposagwa vizuri linakwaruza koo. Na kuku awe anaokota mbali na takataka za kiwanda.

Sasa kosa letu.

Miezi iliyopita mfadhili mmoja alituma katoni ya kalsiamu. Nia yake ilikuwa njema, na sisi tulifurahi, tukapiga picha, tukagawa siku moja kwa kila mwanachama wa miaka zaidi ya 50 na kwa bamama wenye mimba. Tulisema, "Mezeni kimoja kila siku." Hatukuuliza mtu anakunywa dawa gani nyingine. Baada ya wiki kadhaa, mtu mmoja alitufuata jioni, akangoja wengine waondoke. Alisema: "Mi nakunywaka dawa zangu kila magaribi, mbele ya kulala, tumbo tupu. Ile kalsiamu yenu nilikuwa naimeza pamoja nayo, nisiisahau. Niko nafanya mubaya?"

Dawa zake ni zile za virusi vya SIDA. Ndani yake kuko dolutegravir, na kalsiamu ikikutana nayo kwenye tumbo tupu inaishika, haiingii vizuri katika damu. Dawa ikipungua katika damu, virusi vinapata nafasi. Mtu yule alikuwa ameweka kinini chetu juu ya kinini kinachomhifadhi uhai. Hakuna mtu aliyemwambia, na sisi njo tulipaswa kumwambia. Tulimpeleka kituoni kwake, wakampima, na tunashukuru Mungu. Lakini tulimgawia kitu bila kumuuliza neno, na hilo linabaki letu.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Kama unameza dolutegravir na kalsiamu pamoja, iwe pamoja na chakula. Kama ni tumbo tupu, dolutegravir itangulie masaa mawili kabla ya kalsiamu, au ifuate masaa sita baada ya kalsiamu. Ni hivyo hivyo na madini ya chuma. Usiache ARV ili unywe kalsiamu. Ukilazimika kuchagua, acha kalsiamu.

Si ARV peke yake. Doxycycline na ciprofloxacin, zile tunazonunua ovyo kwa tumbo na kwa vidonda, zinafungwa na kalsiamu vilevile. Dawa ya tezi ya shingo pia. Na vinini vyekundu vya chuma ambavyo bamama wenye mimba wanapewa kwenye CPN: ukivimeza pamoja na kalsiamu, vinagombana. Chuma asubuhi, kalsiamu saa ya chakula baadaye. Tangu siku ile timu yetu haigawi dawa yoyote mkutanoni. Na hatutauliza mtu mbele ya watu anakunywa nini. Tutaeleza kanuni kwa wote, na mwenye swali atatukuta peke yake, siku ya alhamisi, mlango umefungwa.

Bamama wenye mimba wana hesabu yao. Shirika la Afya Duniani, OMS, tangu 2013 linashauri kwamba pale ambapo chakula kina kalsiamu kidogo, mwenye mimba apate gramu 1.5 mpaka 2 za kalsiamu kwa siku, kwa mafungu matatu. Si kwa ajili ya mifupa yake. Ni kwa kupunguza ile tansio ya mimba inayoleta kifafa. Tunalisema wazi kwa sababu watu wanachanganya. Kwa mifupa, habari ni ngumu zaidi. Katika kijiji cha Keneba, Gambia, ambako wanawake wanakula kalsiamu kidogo kama sisi, wenye mimba walipewa 1,500 kila siku. Watafiti walitegemea mifupa yenye nguvu. Walipopima nyonga wakati wa kunyonyesha, kalsiamu ikiwa imekwisha kuachwa, waliopewa walikuwa wamepoteza zaidi kuliko wasiopewa. Inaonekana mwili uliozoea kidogo una namna yake ya kujishika, na tukimimina kisha tukakata ghafula tunauvuruga. Kwa hiyo mwenye mimba aulize kituo chake cha CPN, apimwe tansio kila mara, na akianza kalsiamu aanze kwa shauri lao.

Hiyo inatupeleka kwa dola zenu 300. Watu 40, boksi moja kila mtu kwa mwezi, kwa bei ya mfano ya dola 4, ni dola 160 kwa mwezi. Hata miezi miwili haitimii. Mfupa unajengwa kwa miaka. Tena huko Marekani, mwaka 2018, jopo lao la kinga lilitazama masomo yote na kusema kwamba kwa wanawake wazee wanaokaa nyumbani na wazima, kalsiamu ya 1,000 au chini pamoja na vitamini D kidogo haikuzuia mivunjiko. Waliwashauri wasipewe kwa ajili hiyo. Wale wanakula jibini na maziwa kuliko sisi, hatuwezi kuichukua hesabu yao nzima nzima. Lakini inatosha kutufanya tusiweke kasa yote katika makopo.

Kuko wale wanaohitaji kweli: mtu aliyekwisha kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu, mtu anayekunywa kotizoni kwa muda mrefu kwa amri ya munganga, mtoto mwenye miguu inayopinda. Mtoto huyo msimngojee. Kule Nigeria, masomo yaliyotolewa 1999 yalionyesha kwamba watoto wenye matege walikuwa na jua la kutosha, walichokosa ni kalsiamu, na walipopewa walinyooka. Hawa tuwapeleke kwa munganga, na kasa iwalipie kalsiamu kwa mwaka mzima, si kwa mwezi mmoja. Tumehesabu, labda ni watu watano au sita.

Na hapa tuseme juu ya dexa. Bavijana wa kike, na bamama fulani pia, wanainunua barabarani ili wanenepe, wapate mashavu na makalio. Dexa ni dexamethasone, ni kotizoni. Inakula mfupa. Mtu wa miaka 30 anaweza kutengeneza mifupa ya bibi yake kwa franga zake mwenyewe, halafu tuje kumnunulia kalsiamu! Aliyekwisha kuizoea asiikate siku moja, maana mwili unaweza kuanguka. Aende kwa munganga aipunguze polepole. Lutuku na sigara vinafanya kazi hiyo hiyo ya kula mfupa, kwa upande wa batata.

Kwa wengine wote, kalsiamu iko sokoni. Kapenta kavu, au chisense ya Mweru, ukiila nzima na mifupa yake na kichwa, katika gramu 100 kuna kalsiamu zaidi ya 1,000. Mkono mmoja wa kapenta, gramu 20 hivi, unakupa karibu bilauri ya maziwa. Tumeona majikoni watu wakikata vichwa na kuvitupia paka. Paka wa Katuba wana mifupa mizuri sana. Saga kapenta iwe unga, tia katika uji wa mtoto na sombe ya mzee asiye na meno. Sombe yenyewe ina kalsiamu nzuri. Lengalenga ina nyingi kwa namba, lakini ina asidi inayoishika, usiitegemee peke yake. Soya, maziwa ya unga kwa anayeweza. Mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku, mama aliyepita miaka 50 kama 1,200. Hatutafika pale kesho, lakini toka mkono mmoja wa kapenta kwa wiki mpaka mkono mmoja kwa siku, tofauti ni kubwa kuliko kopo la muuzaji. Vitamini D tunapewa na jua bure. Tatizo ni wazee wanaofungiwa chumbani. Watolewe nje, mikono na miguu wazi.

Mwisho tulirudi pale mama alipoanguka. Tulienda saa ya kuchota, asubuhi, kabla jua halijachomoza. Simenti ya pompe imekatika, maji yanatuama, moshi wa kijani umeota juu yake, na pale unapopandisha bidoni kichwani ndipo panapoteleza zaidi. Mmoja wetu karibu aanguke, na ana miaka 33. Bamama waliotukuta pale walisema wawili wengine wamekwisha kuanguka mwaka huu, ila hawakuvunjika. Tena mama yetu alituambia kwamba jicho lake moja halioni vizuri toka zamani, alifikiri ni uzee tu.

Kwa hiyo hili ndilo tunaloleta mbele yenu, na ninyi mtapiga kura mkutano ujao. Kwanza simenti mpya ya pompe, na ukuta mdogo wa kushikilia. Wanachama wawili ni mafundi, wamesema watatoa mikono. Pili, gunia la kapenta linunuliwe kwa jumla, liuzwe hapa kwa bei ile ile, franga zirudi katika kasa kama likelemba. Tatu, kalsiamu ya mwaka mzima kwa wale watano au sita, baada ya munganga kuwaona. Nne, macho ya wazee yapimwe. Komite ikiona tofauti, iseme.

Ninyi wafadhili mnaosoma: msitutumie tena katoni za kalsiamu, tafadhali. Nyingine zinafika zimebaki na miezi miwili kabla ya kuharibika, na maandiko yake hayasomwi na mtu hapa. Kama mlitaka kutuma katoni, bei yake inatosha simenti.

Yule muuzaji amesema atarudi jumamosi. Mkimwona, mwombeni awaonyeshe maandiko ya nyuma, na mutunza feza awe karibu na chaki yake. Wenye maboksi nyumbani wayalete alhamisi, tuyasome pamoja. Na zamu ya kumsaidia mama kusimama na kutembea na gongo lake: wiki hii ni watu wa Kisanga, wiki ijayo ni Ruashi. Mwenda kule apite na kapenta, yenye vichwa.